Arusha na Mwanza: Jirani kwenye ramani, mbali kwa safari

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MFANYABIASHARA wa Tandika au Manzese mwenye wateja Arusha na Mwanza hukabiliwa na swali moja kabla ya kukata tiketi: akimaliza shughuli zake Arusha, aelekee Mwanza moja kwa moja au arudi kwanza Dar es Salaam?

Kwa kipimo cha anga, jibu ni rahisi. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) hadi Mwanza ni takriban kilomita 470. Ndege ya pangaboi aina ya ATR, ambayo kasi yake hukaribia kilomita 500 kwa saa, huhitaji zaidi kidogo ya saa moja, kupaa na kushuka kukiwamo. Ndege ya jeti huchukua muda mfupi zaidi.

Siku ambayo hakuna ndege ya moja kwa moja, hesabu hubadilika. Abiria husafiri kilomita 450 hadi Dar es Salaam, kisha 850 hadi Mwanza. Jumla ni 1,300, karibu mara tatu ya njia iliyonyooka, mbali na saa za kusubiri uwanjani.

Barabara nayo haitoi nafuu kubwa. Njia fupi hukatiza Ngorongoro na Serengeti, ambako magari hulipa tozo za hifadhi. Anayezikwepa huzunguka kupitia Babati, Singida, Nzega na Shinyanga, safari inayokaribia kilomita 800. Mpango wa barabara ya lami kukatiza Serengeti, uliotangazwa mwaka 2010, ulizuiwa na Mahakama ya Afrika Mashariki Juni 2014 kwa hofu ya kuathiri uhamaji wa nyumbu.

Chanzo cha hali hii ni cha zamani. Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha 1929. Tawi la Reli ya Kati kutoka Tabora lilifika Mwanza 1928. Zote zilijengwa kupeleka mazao Pwani, wala hazikukusudiwa kuiunganisha miji hiyo miwili. Ratiba za ndege, kwa kiasi kikubwa, zimerithi ramani hiyohiyo.

Hapo ndipo penye mzunguko mgumu. Shirika la ndege haliwezi kudumisha safari ambayo viti vyake havijai, na abiria hawezi kupanga biashara yake kwa kutegemea safari za mara chache. Anapoamua kupitia Dar, anaiacha njia ya moja kwa moja ikiwa na abiria pungufu zaidi.

Kwa msafiri, busara ni kutolinganisha nauli pekee. KIA iko takriban kilomita 50 kutoka Arusha mjini, na anayetoka Bunju au Tegeta kwenda uwanja wa Julius Nyerere anaijua foleni. Kwa mashirika na serikali, swali ni zito zaidi: ni nani atakayekubali kubeba hasara ya viti vitupu hadi abiria waizoee njia hiyo?