Mzee, Prado Hiyo Iache

Kila Oktoba bonasi ya majani chai ikiingia, Nyamira nzima inaota Prado. Mwaka huu ndoto imefika kwetu. Mzee ameonyeshwa moja Kisii mjini, ya 2003, kilomita 310,000, na muuzaji anaapa shida ni ndogo tu: bushi na shoki.

Mzee, kwa heshima zote, usinunue.

Kenya hairuhusu gari kuukuu la zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini. Kwa hivyo hiyo Prado imeyala mashimo yetu zaidi ya miaka kumi. Niliomba iwashwe asubuhi, injini ikiwa baridi. Ikatoa moshi wa bluu. Hiyo si bushi, ni injini inakula oili, na fundi akishaifungua, bei inaanza upya. Giaboksi nayo inasitasita mlimani, na huku kwetu ni wapi hakuna mlima?

Najua utasema Probox ni ya kubeba ndizi, mtu wa heshima haendi nayo matangani. Haya. Lakini hao watakaokufungulia geti hawatakuja Keroka usiku kuisukuma.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo. Mwaka huo huo ng'ombe wawili waliuzwa tukanunua pikipiki mbovu, ile imelala nyuma ya jikoni mpaka leo, kuku wanaitagia. Sijawahi kuitaja. Leo naitaja, kwa sababu kitinda mimba wetu anaingia gredi ya 10 Januari, na bonasi ni hiyo moja.

Muuzaji anataka jibu Ijumaa.