Kurwa na Doto wa barafuni

Mama mmoja mwenye mapacha walio darasa la tatu ameniandikia kuhusu jambo ambalo wazazi wengi wa mapacha hulibeba kimyakimya. Mwalimu wa darasa amemshauri awatenganishe wanawe, kila mmoja apelekwe mkondo wake, kwa kuwa Doto anamtegemea Kurwa kupita kiasi: akiulizwa swali, humtazama nduguye kwanza. Baba wa watoto ameafiki. Mama hataki, ila anasema hana hoja ya kuwapinga, ana moyo wa mzazi tu.

Mama, leo sitakupa nadharia za malezi. Nitakusimulia habari za Kurwa na Doto wa mbali, Henrik na Daniel Sedin wa Sweden, ambao swali lako liliwaandama miaka mingi, tena mbele ya maelfu ya watu na magazetini. Uamuzi utabaki kwako na mwenzio. Maoni yangu nitayasema humo humo njiani.

Walizaliwa tarehe 26 Septemba 1980 katika mji wa Örnsköldsvik, mji mdogo wa pwani ulio kaskazini mwa Stockholm. Henrik alitangulia kwa dakika sita, kwa hiyo Kurwa ni yeye. Nyumbani walikuta kaka wawili. Mama yao alikuwa muuguzi, na baba yao aliwahi kuichezea Modo, timu ya mji huo. Mji wenyewe una baraka ya ajabu: nyota wengine wawili wa mchezo huo huo, Peter Forsberg na Markus Näslund, walizaliwa hapo Julai 1973 wakipishana siku kumi tu.

Mchezo ninaousema ni hoki ya barafuni, ambayo wengi wetu hatujawahi kuitazama. Kila upande una wachezaji sita uwanjani, kipa akiwamo. Wanateleza kwa viatu vyenye bapa la chuma chini yake, wakiwania kwa magongo kisahani cheusi cha mpira mgumu. Kugongana ni halali, na ngumi nazo si haba. Kuna jambo moja la hesabu ambalo naomba ulishike, maana bila hilo hadithi hii haieleweki: bao likifungwa, mfungaji anaandikiwa pointi moja, na aliyempa pasi naye anaandikiwa pointi moja. Wakati mwingine hata aliyetoa pasi ya kabla ya hiyo hupata yake. Aliyepika na aliyepakua wanahesabiwa sawa.

Wakaanza kucheza kwenye timu za watoto wakiwa na miaka minane. Sasa sikiliza hapa, kwa sababu watu wengi wanaowasifu ndugu hawa hawalijui hili. Hadi walipofika miaka kumi na minne, hawakuwa wakicheza pamoja kwa kawaida. Wote wawili walikuwa washambuliaji wa kati, na nafasi hiyo haikai watu wawili kwa wakati mmoja. Kisha Daniel akahamia pembeni, akawa winga, na Henrik akabaki katikati. Tangu siku hiyo mmoja akawa mtoaji wa pasi na mwingine mfungaji.

Mimi naona hapo ndipo ilipo siri yao, kuliko hata damu waliyochangia. Kila mmoja alikuwa ameshajifunza kusimama peke yake kabla hawajaunganishwa, na walipounganishwa, Doto alikubali kusogea. Ni mapacha wangapi, ni ndugu wangapi wa kawaida, ambao ugomvi wao wote ni kwamba hakuna anayekubali kusogea?

Wakiwa na umri wa miaka 18 walikuwa tayari tegemeo la timu ya wakubwa ya Modo, na mwaka 1999 walipewa kwa pamoja tuzo ya mchezaji bora wa Sweden. Tuzo moja, watu wawili. Waliotoa tuzo hawakuona sababu ya kuigawa.

Mwaka huo huo likaja jaribio la kweli. Klabu za ligi ya NHL ya Marekani na Kanada huchagua chipukizi kwa zamu kila mwaka, na klabu ikishakuchagua, umekuwa wake. Kila mtu alijua mapacha hawa watachaguliwa mapema, na kwa utaratibu huo kila mmoja angeangukia mji wake, pengine maelfu ya kilomita kutoka kwa mwenzake. Wao walisema wazi kwamba wangependa kucheza pamoja. Brian Burke, aliyekuwa meneja wa klabu ya Vancouver Canucks ya Kanada, alikuwa na zamu ya tatu tu. Akamtoa beki wake mzuri, Bryan McCabe, pamoja na zamu ya baadaye, apate zamu ya nne kutoka Chicago. Hiyo ya nne akaibadilisha na Tampa Bay apate ya kwanza, kwa kuongeza kidogo juu. Ya kwanza nayo akawapa Atlanta, kwa ahadi kwamba watamchagua kijana mwingine, wakampa ya pili. Mzunguko kama wa dalali wa Kariakoo! Alipomaliza, zamu ya pili na ya tatu zilikuwa mkononi mwake: Daniel wa pili, Henrik wa tatu. Ndiyo maana Daniel alivaa jezi namba 22 na Henrik namba 33 maisha yao yote ya huko.

Msije mkadhani kwamba walifika na kung'ara. Walikaa Sweden mwaka mmoja zaidi, wakaenda Vancouver mwaka 2000, na msimu wa kwanza Daniel alipata pointi 34 na Henrik 29. Si mbaya kwa vijana wa miaka 20, lakini si kile watu walichokuwa wameahidiwa. Uliofuata haukuwa bora sana, wala wa tatu. Watu wakaanza kusema. Wapole mno. Wazito. Hawapigani. Wakaitwa "akina dada Sedin", kana kwamba kuwa dada ni tusi. Na wapo waliosema lile analolisema mwalimu wa wanao: kwamba mmoja anambeba mwingine, na ukiwatenganisha hakuna atakayebaki na kitu.

Jibu lao lilikuwa kutojibu. Hawakugeuka kuwa wapiganaji. Walizidi kufanya kile walichokuwa nacho, yaani kuzungusha kisahani pembeni na nyuma ya goli la wapinzani, huku na huku, mpaka mabeki wachoke au wasahau. Mara nyingi Henrik alitoa pasi bila hata kugeuza shingo, mahali ambapo Daniel alikuwa bado hajafika. Mwaka 2004, ligi iliposimama msimu mzima kwa mgogoro wa mishahara, walirudi nyumbani kuichezea Modo. Waliporejea Kanada, Henrik alimaliza msimu na pointi 75 na Daniel 71. Katikati ya msimu huo, Februari 2006, walikuwa na timu ya Sweden iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Torino.

Nisimame kidogo kwenye pesa, kwa sababu huu ni ukurasa wa familia na sote tunajua pesa hufanya nini kwa ndugu. Julai 2009 walisaini mikataba mipya ya miaka mitano. Henrik dola milioni 30.5, Daniel dola milioni 30.5. Mwaka 2013 wakaongeza miaka minne: milioni 28 kwa kila mmoja. Ukumbuke kwamba Daniel ndiye alikuwa mfungaji, na mabao ndiyo yanayoonekana na wengi. Henrik naye alikuja kuwa nahodha. Kila mmoja angeweza kupata mtu wa kumnong'oneza kwamba anastahili zaidi ya nduguye. Mikataba ikabaki sawa kwa sawa. Huku kwetu nimeona ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kwa sababu ya kiwanja cha futi hamsini.

Sasa nafika kwenye msimu ambao, mama, ningeomba umsomee na mwalimu. Oktoba 2009, msimu ukiwa ndio kwanza umeanza, Daniel alivunjika mguu. Akakosa mechi 19. Kwa mara ya kwanza watu wakapata jaribio walilolitaka miaka yote: Kurwa bila Doto. Henrik hakuanguka. Aliendelea kutengeneza mabao na watu wengine, na pia akaanza kupiga mwenyewe golini, kitu ambacho miaka yote alikuwa anamwachia mdogo wake. Daniel aliporudi, alimkuta kaka yake ni mchezaji mpana zaidi kuliko yule aliyemwacha. Msimu huo Henrik alifunga mabao 29, idadi ambayo hakuwahi kuifikia kabla.

Mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida ilikuwa dhidi ya Calgary, Aprili 2010, na Henrik alikuwa anawania taji la mwenye pointi nyingi kuliko wote kwenye ligi. Daniel alifunga mabao matatu, moja akilipiga kwa kupitisha gongo katikati ya miguu yake mwenyewe. Henrik alitoa pasi nne za mabao. Hesabu zilipofungwa, Henrik alikuwa na pointi 112, huku Sidney Crosby na Alexander Ovechkin, majina makubwa ya mchezo huo, wakiwa na 109 kila mmoja. Tuzo ya mchezaji bora wa ligi nayo ikawa yake. Kisha msimu uliofuata Daniel akapata pointi 104 na kulichukua taji lile lile la pointi. Kaka mwaka huu, mdogo wake mwaka unaofuata.

Kwa hiyo mama, maoni yangu ni haya. Mwalimu ameona kitu cha kweli, lakini amekipa jina moja wakati kina majina mawili. Kuna kutegemea, na kuna kugawana kazi. Doto anapomtazama Kurwa kabla ya kujibu, huenda hajui jibu, au huenda nyumbani kwenu Kurwa ndiye msemaji na Doto ana kazi nyingine ambayo darasani haiulizwi. Njia ya kujua si kuwakata kama mkate. Wape saa za kuwa peke yao: mmoja aende kwa shangazi Jumamosi hii, mwingine wiki ijayo, mmoja atumwe dukani peke yake na arudi na chenji sahihi. Uone Doto anavyozungumza mwenzake akiwa hayupo. Ukiona ananyamaza hata hapo, mpe mwalimu haki yake, na jaribuni huo mkondo wa pili.

Nisiache kusema kwamba kombe kubwa hawakulipata. Mwaka 2011 Vancouver walifika fainali ya Kombe la Stanley dhidi ya Boston, wakawa mbele kwa mechi tatu kwa mbili, wakahitaji ushindi mmoja tu. Wakapoteza ya sita, na tarehe 15 Juni wakafungwa ya saba 4-0 nyumbani kwao, mji ukaingia kwenye vurugu, magari yakachomwa moto. Henrik, nahodha, alikuwa amepata bao moja tu katika mechi zote saba. Wote wawili waliendelea kuichezea klabu hiyo hiyo miaka saba mingine. Mapema mwaka 2010, wao na wake zao walikuwa wametoa dola milioni 1.5 kwa hospitali ya watoto ya jimbo hilo, na hospitali haikuwahi kuuliza habari za kombe.

Tarehe 2 Aprili 2018, wakiwa na miaka 37, walitoa barua moja ya pamoja kutangaza kwamba wanatundika magongo. Sababu walizozitaja zingeweza kuandikwa na mzazi yeyote aliyechoka na safari za kikazi: wanataka kuwapo kila jioni kuwasaidia watoto kazi za shule, kuwapo mezani wakati wa chakula, wasikose tena sherehe za kuzaliwa. Siku tatu baadaye walicheza mechi yao ya mwisho nyumbani, dhidi ya Arizona. Ikaenda dakika za nyongeza. Daniel akafunga bao la ushindi, pasi ikitoka kwa Henrik, ikiwa ni dakika 2 na sekunde 33 za muda huo wa nyongeza. Mashabiki wa Vancouver hadi leo wanaziunganisha tarakimu hizo na namba za jezi, na siwalaumu.

Jezi zote mbili zilipandishwa juu ya paa la uwanja usiku mmoja, Februari 2020. Mwaka 2022 waliingia pamoja kwenye jumba la heshima la hoki. Katikati ya hapo, mwaka 2021, klabu ilihitaji washauri wa uongozi ikawakumbuka, na kama ulivyokwisha kuhisi, iliwaajiri siku moja.