Kabla ya Kumtupia Rosa Jiwe

Wengi wetu tulilisikia jina la Rosa Mistika kabla hatujakiona kitabu chenyewe, tena tulilisikia likinong'onwa. Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi ilichapishwa mwaka 1971, ikapigwa marufuku isisomwe shuleni, na baadaye ikaja kuruhusiwa. Wakubwa wa elimu walibadili mawazo. Sisi waumini bado. Mpaka leo mtu akiipendekeza kwenye jumuiya, utasikia, "Kile kitabu kichafu?" Muulize msemaji amefika ukurasa wa ngapi. Hajakigusa.

Tuseme ukweli. Tumezoea vitabu vya aina moja: novena, maisha ya watakatifu, ushuhuda wa mlevi aliyeokoka akajaliwa nyumba na gari. Vitabu hivyo vina faida yake. Lakini mtu mzima anayeishi kwa uji peke yake hana budi kuulizwa meno yake yana kazi gani.

Kwaresima moja, wanajumuiya saba tulikubaliana kukisoma. Mmoja wetu alilifunika jalada kwa gazeti ili jirani asilione. Tulitegemea kukuta uchafu. Tulichokikuta ni nyumba tunayoijua.

Huko Namagondo, kisiwani Ukerewe, yupo Zakaria, mwalimu aliyepoteza kazi kwa sababu ya ulevi. Yeye anakunywa, na mkewe Regina ndiye anayebeba nyumba. Binti yao mkubwa, Rosa, anapoandikiwa barua na kijana Charles, baba anampiga kipigo cha kinyama. Tangu siku hiyo Rosa anawaogopa wavulana. Baba huyo huyo mwenye fimbo hana neno la kumfundisha. Rosa anapofika chuo cha ualimu Morogoro, mbali na fimbo, uhuru unamlevya. Anapita mikononi mwa wanaume, anatoa mimba, heshima yake inaisha. Anapojaribu kuanza upya na Charles, naye anamkataa kwa kuwa si bikira. Rosa anajiua.

Mwandishi hakuwa mgeni aliyekuja kututukana. Alizaliwa Namagondo hiyo hiyo, akasoma seminari ya Nyegezi. Jina la kitabu amelitoa katika Litania ya Bikira Maria, ile tunayoisali baada ya rozari. Amelichukua jina la Mama yetu akampa binti aliyeharibikiwa, na hapo ndipo wengi wetu tunapokasirika. Lakini je, sisi hatuwabatizi mabinti zetu kwa majina hayo hayo, kisha tukawaacha wajifunze maisha gizani?

Wapo watakaotukumbusha kwamba Mtume Paulo aliwaagiza Wafilipi wayatafakari yaliyo safi. Kweli kabisa. Lakini Paulo huyo huyo aliwaandikia Wakorintho waziwazi habari ya mtu aliyeishi na mke wa baba yake, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba kanisa zima lilijua huku likijivuna. Usafi anaoutaka Paulo hauwezi kuwa ule wa kufumba macho.

Tena tukumbuke Nathani. Daudi alipokwisha kumtwaa mke wa Uria na kumuua mumewe, nabii hakumwendea na orodha ya amri. Alimsimulia kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Kilikuwa kisa cha kutunga. Daudi akawaka hasira juu ya tajiri yule, ndipo akaambiwa kwamba tajiri ni yeye. Kama Daudi angekatiza masimulizi kwa sababu hadithi si za kiroho, tungekuwa na mfalme asiyetubu.

Kanisa lenyewe limetutangulia. Orodha ya vitabu vilivyokatazwa iliondolewa mwaka 1966. Mwaka 2024 Papa Fransisko aliandika barua nzima kuhusu faida ya fasihi katika malezi, akiwalenga mapadre na Wakristo wote. Basi sisi tunaokiogopa kitabu kwa niaba ya Kanisa, nani katutuma?

Hatusemi kila kitu ndani yake ni chema, wala hatusemi apewe mtoto wa darasa la nne. Kuna kurasa zilizotuumiza, na kifo cha Rosa si jambo la kumwachia kijana alisome peke yake bila mtu mzima wa kuzungumza naye. Lakini kusema "kisomwe kwa uangalifu" si sawa na kusema "kisisomwe".

Jioni tulipokimaliza, tulianza kwa kumlaani Zakaria. Kisha mama mmoja akamtaja binti wa kwaya yetu. Alipopata mimba, tulimvua sare, tukaacha kumtembelea. Kijana aliyempa mimba tulimjua. Tuliendelea kumpa mkono wa amani kila Jumapili, na michango ya harusi yake na mwingine tuliitoa. Hakuna aliyejibu. Saba sisi tulikuwa tumekaa pale kama Charles saba.

Hicho ndicho tunachokiogopa katika riwaya hii, na tuache kusingizia usafi. Zambarau zikiiva hatulaumu mti kwa kututia doa; sisi ndio tuliokaa chini yake. Kitabu kimeonyesha fimbo bila mafundisho huzaa nini, na jamii inayomhukumu msichana peke yake hufikia wapi.

Basi wazazi, kisomeni. Msome na mabinti zenu waliokwisha kukua, na wavulana wasiachwe, kwa maana Charles naye alilelewa na watu. Na yule binti wa kwaya bado anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Jumapili ijayo tumfuate alipo, tumsalimie, tumwombe msamaha, tumrudishie sare yake.