Mcheza Mpira Akistaafu Anakula Nini?



  Wapenzi wasomaji wa jarida letu, wanafunzi na wazazi wa Igogo, leo nataka tuzungumze kuhusu mpira.

Najua wapo watakaouliza mpira unatafuta nini katika jarida la madrasa. Unatafuta wanafunzi wetu, na umeshawapata. Saa kumi jioni, wakati sisi tunafungua misahafu, ndio wakati kiwanja kinapojaa. Hapa Igogo nyumba zimepanda mlima hadi juu ya majabali, ardhi tambarare ni adimu, kwa hiyo kipande kikipatikana hakikai tupu hata siku moja. Zamani mwanafunzi akiulizwa kwa nini hakuonekana darasani alisingizia tumbo. Siku hizi anajibu waziwazi: "Ustadh, mpira ndio kazi yangu ya baadaye." Na mzazi mmoja mmoja anamuunga mkono, kwani amesikia redioni habari za fedha za usajili.

Mimi sipingi mpira. Afya na nguvu ni neema, na kijana anayekimbia kiwanjani ni bora kuliko anayekaa kijiweni kuvuta bangi. Swali langu ni jingine, nalo huko viwanjani haliulizwi: baada ya kazi hiyo, kazi gani?

Maana kazi ya mpira haifanani na kazi nyingine. Seremala akifika miaka 35 ndio kwanza mkono wake umekomaa. Mvuvi wa umri huo ndio analijua ziwa, na mwalimu ndio anaaminika. Mcheza mpira akifika hapo anaitwa mzee na anaambiwa apishe wengine. Tufanye hesabu kidogo. Kijana ameanza kulipwa akiwa na miaka 20, amecheza miaka 12 bila kuvunjika goti, amestaafu akiwa na miaka 32. Mwenyezi Mungu akimjaalia kufika miaka 65, basi amebakiwa na miaka 33 ya kula, kuvaa, kulipa kodi ya nyumba na kusomesha watoto. Yaani maisha yasiyo na mpira ni karibu mara tatu ya yale yenye mpira. Hiyo miaka 33 ndiyo ninayoizungumzia.

Tuwatazame waliotutangulia, tuanzie nyumbani. Wazee wetu hawachoki kuisimulia Pamba, TP Lindanda, iliyotwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1990. Watakutajia akina Khalfan Ngassa, Mao Mkami, George Masatu na Nteze John kana kwamba waliwaona jana. Vijana wa leo wanawajua zaidi watoto wao, Mrisho Ngassa na Himid Mao. Lakini ziko habari ambazo wazee hawazisimulii sana, nazo ni muhimu kuliko mabao. Timu nyingi za zama zile zilikuwa za mashirika. Ukitazama majina yenyewe utaona: Pamba ilibeba jina la zao letu, Reli ya Morogoro ilikuwa ya watu wa reli, Bandari ya watu wa bandari, na RTC Kagera ya shirika la biashara la mkoa. Mchezaji aliyechukuliwa na timu ya namna hiyo mara nyingi alipewa jezi pamoja na ajira. Asubuhi alikuwa karani, fundi, dereva au mlinzi wa ghala, jioni alikwenda mazoezini. Mshahara haukuwa mkubwa, lakini siku miguu ilipochoka alivua jezi tu, kazi ikabaki.

Utaratibu huo ulivunjika miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipobinafsishwa na mengine kufa kabisa. Timu zikakosa mlezi na wachezaji wakakosa vyote viwili kwa mkupuo. Pamba yenyewe ilishuka, ikakaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20, mpaka iliporudi mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji ikiwa chini ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Utaratibu wa zamani leo umebaki hasa kwenye timu za majeshi. Mchezaji wa Tanzania Prisons aliyeajiriwa kama askari magereza, au wa JKT aliye mwanajeshi, akimaliza mpira anaendelea na kazi yake hadi kustaafu kama askari wenzake. Watu huzidharau timu hizi kwa kuwa hazina mbwembwe. Mimi naona mchezaji wao analala usingizi mzuri kuliko wengi wanaopigiwa kelele na uwanja mzima.

Mchezaji asiye na shirika wala jeshi atategemea nini? Atategemea alichokisomea kabla ya kipenga cha mwisho. Leodegar Tenga alikuwa beki na nahodha wa Taifa Stars iliyocheza fainali za Mataifa ya Afrika kule Lagos mwaka 1980. Wengi wanamkumbuka kwa hilo, na kwa kuwa rais wa TFF kuanzia mwaka 2004 hadi 2013. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alisomea uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwamba kwa miaka mingi alikuwa mkurugenzi mtendaji wa Shirikisho la Wenye Viwanda Tanzania. Wenye viwanda hawakumpa ofisi ile kwa sababu alijua kuokoa krosi.

Wengine walibaki ndani ya mpira. Juma Pondamali, kipa wa kikosi hicho hicho cha mwaka 1980, akawa mwalimu wa makipa. Abdallah Kibadeni, yule aliyeifunga Yanga mabao matatu siku Simba iliposhinda 6-0 mwaka 1977, akawa kocha na kuifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Juma Mgunda, mmoja wa vijana wa Coastal Union ya Tanga iliyochukua ubingwa mwaka 1988, akawa kocha wa timu yake na mwaka 2022 akaitwa Simba. Mecky Maxime aliitumikia Mtibwa kama nahodha, kisha akawa kocha wake. Ally Mayay, aliyekuwa nahodha wa Yanga, alijulikana upya kwa uchambuzi wa mpira kabla ya kuingia wizarani katika idara ya michezo.

Kijana akiyasikia majina haya atasema: basi na mimi nitakuwa kocha. Sawa, lakini asidhani kazi hiyo hugawiwa kwa wema wa zamani. Siku hizi kocha mkuu wa Ligi Kuu anadaiwa leseni ya ngazi ya juu ya CAF, na leseni hupatikana kwa kukaa darasani, kuandika, kujibu mitihani na kuelewa Kiingereza. Hapa hapa mkoani kwetu, Malya wilayani Kwimba, kipo chuo cha maendeleo ya michezo cha serikali, nacho hakimpokei mtu kwa ufundi wa kupiga chenga. Aliyelikimbia darasa akiwa na miaka 14 atalikuta linamngoja akiwa na miaka 34. George Weah wa Liberia ni shahidi. Alikuwa mchezaji bora wa dunia mwaka 1995. Mwaka 2005 aligombea urais akashindwa, na moja ya mambo aliyosimangwa nayo ni elimu ndogo. Akarudi kumaliza sekondari akiwa na miaka kama 40, akaendelea hadi shahada, na mwaka 2018 akaapishwa kuwa rais. Alifanikiwa, lakini yeye alikuwa na akiba ya kumlisha wakati anasoma. Je, wewe?

Hapa sharti niseme neno kwa ajili ya wale ambao hawakupata vyeo. Wapo waliocheza ligi ambao leo wanaendesha bodaboda na daladala, wanauza dagaa Mwaloni, wanafungua genge au wanafundisha watoto kiwanjani kwa malipo ya soda. Watu wakiwaona wanacheka na kusema "jamaa amechakaa". Huo ni ujinga, na tena ni dhambi. Mtume wetu (s.a.w.) alichunga mbuzi, akatufundisha kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokipata kwa kazi ya mikono yake. Nabii Daudi (a.s.) pamoja na ufalme wake alikula jasho lake, na Nabii Zakaria (a.s.) alikuwa seremala. Mchezaji wa zamani anayebeba gunia la dagaa ana heshima yake kamili. Wa kusikitikiwa ni yule anayeona haya kubeba gunia, akashinda anazunguka kwa viongozi wa klabu kuomba nauli.

Na wa kusikitikiwa zaidi ni aliyepata riziki kwa mlango usiofaa. Jina la mchezaji mstaafu ni bidhaa, na wanunuzi wapo. Mwenye baa anataka watu wajae, mwenye kampuni ya kubeti anataka sura inayojulikana kwenye bango ili vijana wa mtaani waendelee kuweka mikeka. Klabu zetu kubwa zenyewe zimevaa majina ya kampuni hizo kifuani tangu mwaka 2017. Nani atamlaumu mtu mwenye njaa akisema ndiyo? Mimi simlaumu kabla sijajua hali yake, lakini nasema hivi: mwenye ufundi mwingine mkononi anaweza kusema hapana. Frédéric Kanouté, Muislamu aliyechezea Sevilla ya Hispania, mwaka 2006 alikataa kuvaa jina la kampuni ya kamari kifuani, na mwaka uliofuata alitoa fedha zake kununua jengo la msikiti wa mji huo ili Waislamu wasifukuzwe. Alikuwa na uwezo wa kukataa. Umasikini wa kujitakia huondoa uwezo huo.

Tumesoma darasani kisa cha Nabii Yusuf (a.s.): miaka saba ya neema, watu wakaambiwa wale kidogo na nafaka nyingine waiache katika masuke yake, kwa kuwa miaka ya shida inakuja. Mchezaji naye ana miaka yake ya neema, ila wengi wanakula na mbegu. Fedha ya usajili ya kwanza inakwenda kwenye gari, ya pili kwenye harusi ya kukodi ukumbi, ya tatu haiji.

Sasa nije kwenye yale yanayotuhusu sisi wenyewe. Kwanza, madrasa yetu isishindane na kiwanja kwa bakora. Wanafunzi wanaocheza kwenye timu zinazoeleweka wapangiwe darasa la Jumamosi na Jumapili asubuhi, au baada ya Maghrib kwa wanaokaa karibu, kwa sharti kwamba wasiotimiza mahudhurio ya shule na madrasa kocha wao ataambiwa. Makocha wa mtaani wengi ni watu wasikivu ukiwafuata kwa adabu. Pili, mzazi asitie saini karatasi yoyote ya klabu bila kusomewa na mtu anayeielewa, na aulize kama klabu itamchangia mwanawe hifadhi ya jamii kama mwajiri mwingine yeyote. Tatu, kila kijana anayesema mpira ni kazi yake awe na fundi anayemfundisha kazi ya pili, iwe umeme, kushona, kuchomelea au kutengeneza injini za mitumbwi. VETA ipo, na mafundi wenye karakana wamo humu humu misikitini mwetu, tunasimama nao safu moja.

Hili la ratiba nitaliwasilisha katika kikao kijacho cha wazazi, inshaallah. Nawaomba akina baba mhudhurie, maana mara nyingi wanaokuja ni akina mama peke yao. Na wanafunzi mnaocheza, njooni na makocha wenu.