Waendesha baiskeli nao wajengewe vituo vya mapumziko

Kuanzia Septemba 21 hadi 28, 2025, macho ya ulimwengu yalikuwa Kigali. Kwa mara ya kwanza mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika barani Afrika, na wananchi walijipanga vilimani kuwashangilia wageni. Ni heshima ambayo hatuna budi kujivunia.

Hata hivyo, mashindano yamepita na barabara zimebaki na wenyewe: wanaosukuma magunia ya viazi, mikungu ya ndizi na madumu kuelekea sokoni na mipakani. Hawa hawafuatwi na gari lenye maji na gurudumu la akiba.

Msafiri wa basi kati ya Kigali na Musanze hushuka Nyirangarama, akala, akaenda msalani. Je, mwenye baiskeli iliyojaa mzigo apumzike wapi? Kwa kukosa jibu, wengine hushika nyuma ya lori ili wavutwe mlimani, na wapo waliopoteza maisha kwa kufanya hivyo. Polisi wana haki ya kukemea, lakini makemeo peke yake hayaondoi uchovu.

Ushauri wetu ni kwamba vijengwe vituo vidogo, kwa kuanzia na barabara hiyo ya Kigali hadi Musanze. Kituo kiwe kileleni, kabla ya miteremko mikali kama ya Buranga na Shyorongi, ili mtu apumue na kukagua breki kabla ya kushuka. Kiwe nje ya barabara, mbali na kona. Zaidi ya yote, wanaochora ramani wawaulize wenye baiskeli. Watawaambia kuwa baiskeli yenye mzigo hailazwi chini, kwani mtu mmoja hawezi kuinyanyua tena. Inahitaji ukuta mfupi wa kuegemezwa. Ziada ni paa la kujikinga mvua, benchi, maji, choo na fundi wa pancha mwenye pampu.

Gharama yake si ya kutisha. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi unaweza kusawazisha kiwanja. Wilaya za Rulindo na Gakenke zitoe ardhi, na vyama vya ushirika vya waendesha baiskeli vikabidhiwe usimamizi. Fundi na muuza chai walipe kodi ndogo ya kutunza choo, maana choo kisicho na mwenyewe hakidumu.

Tuliorudi kutoka Uganda tunakumbuka kuwa bodaboda ilianza na baiskeli za Busia, zikivusha watu na mizigo mpakani. Biashara yetu imebebwa na baiskeli tangu zamani. Nchi iliyoweza kuwapokea mabingwa wa dunia haiwezi kushindwa kumpa mchuuzi wa viazi benchi na maji ya kunywa. Wahusika waanze sasa.