Taa ya Baisikeli kwa Bei ya Tochi

Juma hili nataka tuzungumze habari ya taa za baisikeli. Labda wengine mtasema, "Ah, jambo dogo hilo!" Ngojeni kwanza.

Mwezi uliopita jirani yetu mmoja, mtu mzima, alikuwa akirudi kutoka mnadani na magunia mawili ya mkaa juu ya keria. Ilikuwa yapata saa moja na nusu usiku. Pale barabara inapopanda kilima alishuka, akawa anasukuma. Gari likaja kwa nyuma likamgonga. Ashukuriwe Mungu, hakufa. Lakini mguu umevunjika mahali pawili, na gurudumu la nyuma lilikunjwa kama chapati. Dereva hakukimbia. Alimpakia akampeleka hospitali, akasema, "Jamani, mzee huyu sikumwona hata kidogo." Nami nilimsadiki. Gunia jeusi, koti jeusi, na usiku nao mweusi, angemwonaje?

Lakini neno lililonichoma moyo ni hili. Mfukoni mwa koti la mzee yule mlikuwa na tochi. Tochi nzima, yenye kuwaka! Nilipokwenda kumtazama nikamwuliza, "Mzee, mbona hukuiwasha?" Akanijibu, "Mwanangu, nilikuwa naziwekea betri akiba. Nyumbani kuna watoto."

Basi, jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Maana mzee yule si mjinga, wala si mzembe. Alipiga hesabu yake kama tunavyopiga sisi sote: betri ni fedha, na njia anaijua. Tena nchi zetu hizi hazina jioni ndefu. Kule Ulaya, wakati wa kiangazi, jua likishuka mwanga hukawia kuondoka, mtu akafika kwake taratibu. Huku kwetu jua likizama, nusu saa haipiti, giza limekwisha shika. Mtu aliyeondoka sokoni akiona vema hufika nyumbani akipapasa.

Wazee wetu walikuwa na dinamo. Mnaikumbuka? Ile chupa ndogo ya chuma iliyosugua ubavu wa tairi, ikavuma kama nyuki. Ilitoa umeme wa volti 6 na wati 3 tu kwa taa ya mbele na ya nyuma pamoja. Ilikuwa chombo kizuri, wala sikidharau; hakili betri. Lakini ukisimama, taa nazo zinazimika. Ukipanda kilima polepole, mwanga unakuwa kama wa kimulimuli. Na mzee wetu alikuwa akisukuma kwa miguu, kwa hiyo dinamo isingemfaa kitu.

Siku hizi tunazo taa za LED. Balbu ya zamani ilikuwa na uzi mwembamba ndani. Umeme ulipita katika uzi ule ukaupasha moto hata ukang'aa, na sehemu kubwa ya umeme ikapotea kuwa joto bure. LED haina uzi. Ni kipande kidogo mno, ambacho umeme ukipita ndani yake hutoa mwanga wenyewe, na joto ni kidogo. Taa nyekundu za namna hii zilikuwapo tangu miaka ya 1960, lakini nyeupe ilishindikana kwa muda mrefu, kwa sababu hapakuwa na ya buluu yenye nguvu. Wajapani watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, ndio walioipata hiyo ya buluu, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Ukiipaka ya buluu dawa ya rangi ya manjano, mwanga wake huonekana mweupe. Ndiyo maana ukichungulia tochi yako ikiwa imezimwa, utaona kidoa cha manjano katikati.

Faida yake kwetu ni kwamba tochi ya bei ndogo, ile inayouzwa hata gengeni, inatoa mwanga kupita taa kubwa ya baisikeli ya zamani, kwa betri zile zile ndogo.

Sasa tuje kwenye betri, maana huko ndiko fedha inakopotea.

Tuseme tochi yako yatumia betri tatu, nawe unapanda baisikeli usiku saa moja kila siku. Tuseme betri hizo zinakutosha juma moja. Kwa mwaka utakuwa umenunua na kutupa betri 156. Zidisha mwenyewe kwa bei ya duka lenu. Ndipo utaelewa kwa nini watu wanaanika betri juani, na wengine wanaziuma kwa meno ili zitoe mwanga wa mwisho. (Nawasihi, msiwaache watoto kufanya hivyo. Maji yanayotoka ndani ya betri yanaunguza.)

Betri za kuchaji za nikeli zina umbo lile lile. Ya kutupa ina volti 1.5 ikiwa mpya. Ya kuchaji ina volti 1.2. Watu wakiona hivyo husema, "Hii ni dhaifu." Sivyo. Ya kutupa huanza na nguvu, kisha hushuka siku hata siku. Ya kuchaji hukaa karibu pale pale mpaka inapokaribia kwisha. Tatu pamoja zatoa volti 3.6, na LED nyeupe yahitaji kama volti 3. Zinatosha.

Tazama herufi mAh ubavuni mwa betri. Betri ya AA yenye 2000 mAh, katika tochi inayokula 200, itawaka kama saa 10. Ile nyembamba ya AAA kwa kawaida ina 800 hivi; hiyo ni saa 4 tu. Kwa hiyo ukipata tochi inayoingia AA, chukua hiyo, hata kama ni nzito kidogo. Kwa saa moja kila usiku utachaji mara moja kwa juma, yaani mara 52 kwa mwaka, na betri iliyotengenezwa vizuri huvumilia kuchajiwa mara mia kadhaa.

Betri za nikeli za zamani zilikuwa na kasoro: ukiziweka kabatini zilipoteza chaji zenyewe. Tangu mwaka 2005 ziko za namna mpya ambazo hukaa na sehemu kubwa ya chaji mwaka mzima. Utazitambua kwa kuwa zinauzwa zikiwa na chaji tayari.

Katika kununua chaja kuna mtego mmoja ambao mimi mwenyewe niliingia. Chaja nyingi za bei nafuu huchaji betri mbili mbili, na tochi nyingi zinatumia tatu! Nikabaki na moja yatima, nikawa naichaji pamoja na nyingine iliyokwisha jaa, nikaziharibu zote mbili. Tafuta chaja ambayo kila betri ina nafasi yake peke yake. Na kama chaja haizimiki yenyewe, weka betri jioni, uzitoe asubuhi. Usizisahau mpaka siku ya pili. Chaja nyingine siku hizi huchomekwa kwenye waya wa simu, kwa hiyo hata asiye na umeme nyumbani aweza kutumia paneli yake ndogo ya jua, au kibanda kinachochaji simu.

Usichanganye betri mpya na kuukuu, wala ya kuchaji na ya kutupa, katika tochi moja. Zile zenye nguvu huendelea kusukuma umeme katika ile iliyokwisha, nayo hugeuzwa na kufa kabisa. Mimi hutia alama ya wino: tatu hizi ni familia moja, hazitengani. Na ya kutupa usiitie katika chaja hata siku moja.

Ziko pia tochi zinazokuja na betri yake ndani na meno ya kuchomeka ukutani. Nyingi zina betri ndogo ya asidi kama ya gari. Si mbaya, lakini ukiiacha tupu kwa majuma mawili matatu, hairudi tena. Na ziko zile za lithiamu, zinazoitwa 18650, kwa kuwa unene wake ni milimita 18 na urefu 65. Hizo zina nguvu kweli kweli, volti 3.7 betri moja. Lakini jihadharini na maandishi yake. Nimeona madukani betri imeandikwa 9900 mAh. Huo ni uongo. Hata zile bora za ukubwa huo hazifiki 5000. Tena lithiamu ikipasuka, ikivimba, au ikichajiwa kwa chaja isiyo yake, yaweza kushika moto. Kwa mtu anayeanza nasema nikeli yatosha.

Haya, kufunga. Hapa huhitaji duka. Mwambie fundi baisikeli akupe tyubu kuukuu, kata ukanda wa upana wa vidole viwili, mrefu kama mkono. Weka kipande kimoja cha mpira kati ya tochi na usukani ili isiteleze, kisha zungusha ukanda kwa umbo la msalaba, ukiuvuta sana, na mwisho uupenyeze chini. Mpira unashika kuliko waya, tena hauchubui. Vibano vya plastiki vinavyouzwa nimevivunja viwili kwa barabara zetu hizi; mpira wa tyubu bado unadumu.

Tochi uielekeze chini, mwanga uanguke hatua sita au saba mbele ya gurudumu. Wengi huielekeza mbele moja kwa moja, wakimpofusha anayekuja. Mwanga wa tochi ni wa duara, hutupa nuru juu na chini sawasawa, si kama taa ya gari iliyokatwa upande wa juu. Kipande cha kopo kilichofungwa juu kama ukingo wa kofia husaidia sana.

Na nyuma, ndugu zangu! Karibu wote wanaoniambia, "Mimi nina taa," wana ya mbele tu. Mzee wetu alipigwa kutoka nyuma. Nyuma sharti iwe nyekundu, kamwe isiwe nyeupe, maana dereva akiona nyeupe hudhani unamjia. Nunua taa ndogo ya LED nyekundu yenyewe. Ukifunika tochi nyeupe kwa plastiki nyekundu itaonekana, lakini mwanga mwingi unapotea, kwa sababu LED nyeupe ina wekundu kidogo tu ndani yake. Kama huna jingine, fanya hivyo hivyo.

Msimamo wake nao ni wa kufikiria. Wauza mkaa na wauza maziwa hufunga taa chini ya kiti, kisha mzigo unaifunika yote. Ifunge kwenye madigadi, chini ya mzigo, au mgongoni mwa gunia lenyewe. Ongeza kile kioo chekundu kinachorudisha mwanga wa gari; hicho hakili betri, na siku taa imekataa chenyewe hakikatai. Ile namna ya kumetameta nyuma yafaa. Mbele, katika njia yenye mashimo, usiitumie, kwa kuwa shimo litakupata kati ya mmeto na mmeto.

Mvua ikianza, paka mafuta ya kujipaka kidogo kwenye nyuzi za kifuniko. Tochi ikikataa, kabla ya kuitupa sugua ncha za betri na springi kwa kifutio cha penseli. Nusu ya tochi zilizoletwa kwangu "zimekufa" zilifufuka kwa kifutio.

Bibi mmoja ameniuliza, "Na wezi je?" Jibu ni kwamba ukifika, unafungua ule ukanda wa mpira, unatia tochi mfukoni, unaingia nayo ndani. Usiku ule ule yawaangazia watoto daftari zao.

Jumamosi nilikwenda tena kwa yule mzee. Anatembea kwa magongo. Gurudumu bado liko kwa fundi, kwa kuwa rimu mpya haijapatikana. Lakini baisikeli imeegemezwa ukutani, haina gurudumu la nyuma, na mwanawe amekwisha ifunga taa mbili, nyeupe mbele na nyekundu kwenye madigadi. Aliziwasha nikarudi nyuma hatua mia hata kwenye mwembe, nikaiona ile nyekundu vizuri. Mzee akapaza sauti kutoka barazani, "Inaonekana?" Nikamjibu, "Inaonekana." Akamwambia kijana azime.