Viongozi wa timu za karitye, mufungue mlango

Leo sileti habari, naleta neno. Mwenye atakasirika akasirike, kisha anijibu.

Siku ya posho iliyopita nilikuwa kwenye kiwanja kimoja cha vumbi kule Katuba. Timu ya karitye ilikuwa inafanya mazoezi. Pembeni walisimama vijana watatu na ndala mguuni. Familia yao ilikimbia vita ya Kivu, wanakaa kwa mjomba wao, watu 11 katika vyumba viwili. Mkubwa wao ana miaka 13. Akamsogelea kocha, akamwomba kucheza.

"Weye unatoka wapi?" kocha akamuuliza. Kijana akasema. "Karti ya masomo iko wapi? Na feza ya kuingia?" Hana. "Basi enda kwanza utafute."

Wakati ule mpira ukatoka nje ya kiwanja. Kijana akaurudisha, pasi safi mpaka mguuni mwa kocha. Kocha akauchukua, akageuka.

Sitaitaja timu hiyo, kwa sababu haiko peke yake. Maneno kama hayo nimeyasikia Ruashi, Kenya na Kampemba. Na si kwenye mpira tu. Kuna likelemba za mama ambazo aliyefika jana hawezi kuingia hata akiwa na feza mkononi. Kuna kamati za kilio ambazo mtu akifa kwao wanachanga, lakini mgeni wa lupango ya pili akifa, kila mtu anafunga mlango wake.

Nasema wazi: timu ya karitye inayomfukuza mtoto wa karitye kwa sababu amefika jana, imeacha kazi yake. Iondoe jina la karitye kwenye jezi.

Tunapenda kusema "sisi bana Lubumbashi" kama vile babu zetu wote walizaliwa hapa. Tuambiane ukweli. Mji huu ulianza mwaka 1910 kwa sababu ya shaba. Ukiondoa Balamba, wenye udongo huu, wengine wote tuliletwa au tulijileta: kutoka Kasai, kutoka upande wa Zambia ya leo, kutoka Rwanda, kutoka vijiji vya mbali vya Katanga. Hata Kiswahili hiki tunachoringa nacho kilikuja na wafanyakazi. Mazembe ilianza mwaka 1939 kwa mapadri Wabenedikto, ikiitwa Saint-Georges. Lupopo ilianza mwaka huo huo, na mpaka leo inaitwa timu ya watu wa reli. Watu wa reli walitoka wapi? Walitoka kila upande reli ilipopita. Kama siku ile wangeuliza karti na kabila kwanza, Mazembe hii iliyochukua kombe la Afrika mara tano isingekuwa na wachezaji wala washangiliaji.

Na tunajua vizuri nini kinatokea vikundi vikianza kuchagua damu. Hapa hapa, mwaka 1958, mashirika ya kikabila yaliungana na kuwa Conakat. Baadaye ikawa chama cha siasa, na mwezi wa 7 mwaka 1960 ikatangaza Katanga kujitenga. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Baluba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa katika mji huu huu. Kisha kuanzia mwaka 1992, watu wa asili ya Kasai walirundikana kwenye vituo vya gari la moshi vya Likasi na Kolwezi, wengine wakafa pale wakingoja treni. Wazee wengi wanaonisikiliza waliyaona kwa macho yao.

Sisemi mashirika ya kabila ni mabaya. Yanazika, yanasomesha, yanapatanisha bibi na bwana. Lakini mtu ana kabila moja, na pia ana avenyu moja. Mambo ya kabila yana kikao chake. Kiwanja, kwaya, likelemba ya avenyu na kamati ya kilio ni vya wote wanaochota maji kwenye bomba moja.

Najua majibu ya viongozi, kwa sababu wamenipa.

La kwanza: "Hatuna feza, mpira mmoja ni shida." Kweli. Lakini mtoto wa 23 hapunguzi hewa ndani ya mpira. Feza ya kuingia ni kwa ajili ya jezi na safari ya mechi. Mazoezi hayana safari.

La pili: "Bila karti hatujui miaka yake, Entente itatuadhibu." Hili lina uzito, na sote tunajua namna miaka inavyodanganywa katika mpira wetu, hata na wenye karti. Basi kwa mechi za mashindano mungoje karatasi. Lakini mechi ya kirafiki kati ya avenyu mbili inahitaji leseni gani? Na kwa nini presidenti wa timu asimpeleke baba wa mtoto kwa mkubwa wa karitye, wakaanza pamoja kutafuta hiyo karatasi? Mgeni hajui mlango wa ofisi. Wewe unaujua.

La tatu, linalosemwa kwa sauti ndogo: "Hatujui ni watu gani, wanaweza kuleta wizi." Ndugu yangu, kijana unayemjua jina, unayejua saa anayofika kiwanjani na saa anayorudi, ndiye mwenye kukutia hofu? Au yule uliyemfukuza, anayekaa barabarani mchana kutwa na hakuna anayemjua?

Na jambo hili linaniuma zaidi: viwanja tulivyochezea tukiwa wadogo, vingine leo ni nyumba. Viliuzwa lupango kwa lupango, na anayenunua haulizwi anatoka wapi. Mwenye dola anaingia bila karti. Mtoto mwenye ndala anaulizwa babu yake.

Tusisahau wasichana. Mwaka 2024 wanawake wa Mazembe walichukua kombe la Afrika, tukapiga honi mpaka usiku. Furaha ile iko wapi tunapomwona msichana aliyekimbia vita amefungiwa ndani, anatunza wadogo zake, hana saa moja ya kukimbia na wenzake? Tukitaka mabingwa wengine wa kike, tusingoje wazaliwe Kamalondo tu.

Kwenu ndugu mliokimbia, nina neno pia. Musikubali timu ya "wakimbizi" peke yenu, hata mtu wa shirika akiwaletea jezi mpya na picha nzuri. Jezi ile itawaandika ugeni kifuani. Ombeni nafasi katika timu ya pale munapolala. Na mukipewa, mufike mapema, mufagie kiwanja, mupige mistari. Mama, usingoje kilio chako ndipo ujulikane. Enda kwenye kilio cha jirani, shika mwiko, pika bukari na wenzako. Baba uliyekuwa refa au kocha kule ulikotoka, sema. Tunawahitaji.

Ninachoomba kwa viongozi ni kidogo. Mtoto anayelala katika karitye afanye mazoezi katika karitye, bila feza kwa miezi mitatu ya kwanza. Jirani mmoja amshuhudie, inatosha. Likelemba ifungue nafasi hata mbili kwa mama waliofika, wakianza na kiasi kidogo. Kamati ya kilio iandike kila nyumba ya avenyu, ya mpangaji na ya mwenye lupango. Na neno "unatoka wapi" liulizwe baada ya mazoezi, mukiwa mumekaa munakunywa maji, kama watu wanaotaka kujuana.

Yule kijana wa Katuba jina lake nimelishika. Siku ya posho inayokuja nitarudi kwenye kiwanja kile, na mikro nitakuwa nayo. Nikimkuta ndani ya mstari, nitasema hewani jina la timu na la kocha, kwa sifa. Nikimkuta pembeni, nitakaa naye pembeni, na nitauliza tena.